Waipa za Gari la Mchungaji

Filemoni alikuwa anamwahisha Mchungaji kwenye arusi ya Igawa, mvua inanyesha, na redio ya gari inatatarika kama bisi. Saa hiyohiyo kwaya ya Igowole ilikuwa inasikika redioni kwa mara ya kwanza, na aliyeongoza nyimbo ni mkewe.

Akagundua kwamba kelele zinakwenda sawasawa na waipa. Akazizima. Sauti ya mkewe ikatoka safi, barabara ikapotea.

“Tutatumbukia mtoni, Filemoni.”

“Ni mke wangu huyo, Baba Mchungaji.”

Mchungaji akashusha kioo cha mlango, akatoa kiwiliwili nje, akaanza kufuta kioo cha mbele kwa mkono wa joho lake. Ubeti wa pili ulipoanza alikuwa ameloa chapachapa.

“Ongeza sauti,” akasema. “Huku nje besi siisikii.”