Manyoya Yaliyofagiwa

Kasuku aliwekwa mahabusu kungoja kesi yake. Mlinzi wake alikuwa Nyegere, asiyesikia hata nyuki wakimuuma. Kasuku, aliyekuwa hanyamazi tangu utotoni, akanyamaza, kisha akaanza kujinyonyoa manyoya.

Panya, aliyefungwa naye chumba kimoja, akaita, "Afande, mwenzetu anaumwa! Mwitie daktari."

"Anaumwa wapi? Sioni jeraha," alijibu Nyegere. "Tena huyu ndiye mahabusu hasa. Hana kelele."

Kila asubuhi Nyegere aliyafagia manyoya bila kuuliza neno. Baridi ilipoingia, Kasuku akafa, kifua kitupu.

Mama yake akamshitaki Nyegere kwa hakimu Korongo.

"Mheshimiwa, mimi sikumgusa hata unyoya," Nyegere alijitetea.

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Angeweza kutoka akamtafute daktari mwenyewe?"

"Thubutu! Nani angemfungulia?"

"Basi huko kutomgusa ndiko kosa lako," alisema Korongo, akamtia hatiani.

Mama Kasuku hakushangilia. Aliomba tu apewe manyoya ya mwanawe, akayafukie kaburini pake.

Nyegere aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyatupa jalalani.