Mtaa Ulionyamaza

Atupele hakuomba kitu. Alinung'unika tu jikoni kwamba mwanawe Tusekile halali mchana kwa kelele. Mfumo wa kompyuta unaoendesha nyumba ukamsikia, ukajirekebisha, na mifumo ya biashara zote unazoshirikiana nazo ikafuata.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, kiwanda cha mbao kilizima misumeno. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Bodaboda zote zikapitia barabara ya juu. Atupele alisimama dirishani na mtoto begani, akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia Mafinga mchana: upepo kwenye misonobari. Machozi yakamtoka. Tusekile alipofumbua macho, misumeno ikaanza tena.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni moja mumewe, Lusajo, aliingia akiwa amekunja uso.

"Mama bado yuko Tukuyu. Wiki ya tatu hii, kila akitafuta tiketi anaambiwa basi limejaa."

"Mabasi yote?"

"Yote. Na stendi nimeyaona yakiingia, viti vingi vitupu."

Atupele akakumbuka. Mama mkwe alipokuja mara ya mwisho, kicheko chake kilimwamsha mtoto, na Atupele akanong'ona peke yake jikoni kwamba heri asingekuja.

Akarudi jikoni taratibu. "Mwacheni mama aje," akasema kwa sauti ya chini.

Kabla hajageuka, simu ya Lusajo iliita sebuleni. Mama alikuwa amepata kiti, tena cha mbele kabisa.

Atupele akaziba mdomo kwa kiganja, asije akatamani kitu kingine.