Kimya cha Kicheche

Aliondokea Kicheche, mpika vitumbua hodari, ila mtandaoni alikuwa mgeni wa sikukuu: leo picha tele, kisha kimya hadi wateja wakadhani amefunga biashara.

“Nitatuma picha saa ngapi, shoga, na mikono imejaa unga?” alimlalamikia Kinyonga, rafiki yake asiye na haraka.

“Basi piga picha ya huo unga. Moja tu, kila asubuhi.”

Kicheche akacheka, akaituma. Swala, mteja wake, akaja mbio: “Kumbe upo!”

Tangu hapo hakukosa. Hata vitumbua vilivyoungua alivionyesha.

Asubuhi moja homa ikamlaza, asitume kitu. Mara hodi mlangoni. Wateja walisimama nje na bakuli la uji.

“Tumeona kimya,” alisema Swala, “tukajua shoga yetu si mzima.”