Mlango Usio na Nyumba

Katika tamthilia ya Ulaya aliyoifasiri Tunu, mtu mmoja hugonga mlango uliosimama peke yake jukwaani, bila ukuta wala nyumba, na hajibiwi mpaka mwisho. Huko Ulaya watu hucheka. Kwenye mazoezi, kila Shomvi, mwigizaji wake, alipopiga hodi, watazamaji waliitikia karibu, mchezo ukaharibika.

"Basi gonga tu," Tunu alimwambia. "Usiseme kitu."

Alasiri ya onyesho ukumbi ulijaa. Shomvi aligonga kwa ngumi mara tatu, akangoja. Hakuna aliyecheka. Aligonga tena, na Tunu, pembeni mwa pazia, akaona watu wameinamisha vichwa kana kwamba mlango ule ni wa kwao. Hapo ndipo alipokumbuka ni akina nani katika mji huu wanaogonga bila hodi.

Safu ya tatu, Bi Kidawa muuza uji alisimama, akajitanda khanga yake vizuri.

"Hayupo, baba," alisema. "Mlishamchukua mwaka jana."

Ngumi ya Shomvi ilibaki hewani. Mlango, ambao komeo lake lilikuwa la kuchorwa tu, ukafunguka wenyewe taratibu, na ukumbi mzima ukanyoosha shingo kutazama ndani.