Robo Saa ya Jumamosi

Bi Salhiya aliizaba kompyuta kofi la shavu. Haikushtuka. Pale chini ya kioo, alama ya mtandao ilizidi kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Usiipige, Bi Salhiya," alisema fundi Silima, kapiga magoti chini ya meza na tochi yake. "Nzee, lakini inasikia."

"Kusikia inasikia, adabu ndiyo haina. Saa tatu na dakika nane hii! Mwanangu ana nusu saa tu."

Kila Jumamosi, saa tatu kamili, Anuar alipata mapumziko ya nusu saa kwenye gereji anayofanyia kazi Maskati. Nusu saa hiyo ndiyo yote aliyobakiwa nayo Bi Salhiya. Mume keshatangulia mbele ya haki, na mtoto ndiye huyo mmoja. Watu humwambia atumie simu. Hataki. Simu humwonyesha mwanawe kichwa kama kungumanga. Kwenye kompyuta uso hujaa kama sinia la biriani.

Lakini miezi miwili sasa, kila akiiwasha, mtandao ulichukua robo saa kuja. Ukija, Anuar keshakunywa nusu gilasi ya chai na habari zote anazipitia juu juu.

"Mguu umepona, mama."

"Mguu gani?"

"Si nilikwambia? Ule ulioangukiwa na jeki."

Hakumwambia. Bi Salhiya alijua masikio yake mazima kuliko magoti yake. Akacheka tu, asije akaonekana kazeeka.

Silima alikuwa keshakuja mara mbili. Mara ya kwanza alipuliza vumbi mpaka paka akakimbia. Mara ya pili alizizima programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, akasema zimekaa kama wageni wasioalikwa, wa kwanza jikoni. Robo saa ikabaki palepale. Safari hii alikuja na ujanja mwengine: aliagiza kompyuta iwashwe tangu jana alasiri na isizimwe. Asubuhi mtandao ulikuwepo, tena unakwenda mbio. Saa tatu kasoro dakika moja, ukakatika.

"Basi maradhi yake si ya kuamka," alisema Silima. Akamwonyesha kitaa cha kijani nyuma ya mashine, pale waya unapoingia. Kilikuwa kimezima. "Kikizima hiki, ujue waya umechomolewa upande wa pili."

Bi Salhiya akainua uso taratibu. Upande wa pili ni kwa Kazija.

Kisanduku cha mtandao walikitumia pamoja, nacho kilikaa kwa Kazija, nyumba ya mkabala, ambako laini ilifika mwanzo; waya ukavushwa kichochoro juu ya kamba ya nguo. Kichochoro chenyewe chembamba, hata wawili hao hupeana mikate ya mofa dirisha kwa dirisha. Walikuwa mashoga tangu wakisoma chuo cha Kurani pamoja. Miaka thelathini na moja nyuma, Bi Salhiya alipokwenda Bwejuu kwa ajili ya uzazi, Kazija ndiye aliyefuatana naye. Walikaa miezi sita, wakarudi na Anuar ndani ya shuka. Kazija mwenyewe hakuolewa. Majirani wakianza kumsema kwamba hana mtoto, Bi Salhiya ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuyageuza mazungumzo.

Na zamani, kila Jumamosi mazungumzo yakisha, Kazija alikuwa akichungulia dirishani: "Kasemaje? Kakonda?" Miezi miwili hii haulizi. Tena saa hizo dirisha lake hulifunga, eti jua.

Husuda, alijisemea Bi Salhiya. Shoga wangu wa maisha, kumbe ananipunjia dakika za mwanangu!

"Pengine ni panya, Bi Salhiya," Silima alijaribu kumtuliza.

"Panya huyo namjua mpaka jina."

Akajitupia kanga, akavuka kichochoro, akazipanda ngazi za Kazija bila ya hodi, mkono mmoja ukutani, magoti yakimlilia. Maneno keshayapanga njiani, makali kama pilipili mbuzi.

Akausukuma mlango.

Ncha ya waya ilikuwa imelala mkekani. Kazija kakaa kitako, simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai, na ndani ya simu Anuar anacheka, mdomo umejaa mkate.

Maneno yote aliyoyapanga Bi Salhiya yakamkimbia. Likabaki moja.

"Uliapa."

Kazija hakuinuka. Aliivuta ncha ya mtandio wake.

"Nliapa sitomwambia, Salhiya. Sikuapa kumkana siku atakayoniuliza."

"Na mie je? Miezi miwili nimekaa pale nnaipiga makofi mashine!"

Kwenye simu, kicheko kilikuwa kimeshakatika.

"Mama," aliita Anuar.

"Naam, mwanangu!" Bi Salhiya akaitika mbio mbio, asije akatanguliwa na aliyemzaa.