Mkunjo wa Kanga

Chausiku, msusi, alizifungua nywele za Mwajabu ili azioshe, mkono ukasita. Alipozitia dawa ya kunyoosha wiki iliyopita zilikuwa zimelala vizuri, ila sasa mkunjo mmoja ulikizunguka kichwa kizima.

"Si nilikukanya, shoga? Siku tatu hakuna maji, hakuna kibanio, hakuna kufunga kitu. Umefunga nini?"

"Kanga."

"Kanga! Nywele zimetoka kutiwa dawa! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwenye msiba wa mama."

Chausiku akaziachia nywele. Mwajabu akamtazama kwenye kioo.

"Siku ile nikiwa hapa alinipigia. Dawa ilikuwa kichwani. Akapiga tena, nikaigeuza simu kifudifudi. Nilipotoka nikampigia, akapokea jirani yake, analia."

Chausiku aliikumbuka simu ile. Yeye ndiye aliyemwambia Mwajabu kuwa dawa haisubiri, apige baadaye.

"Pole, mwenzangu," alisema. Kwa kuwa hakuwa na lingine la kumfanyia, alichomeka pasi ya nywele. "Ngoja niupitishie moto huo mkunjo, utanyooka sasa hivi. Tukiuacha utakaa mpaka ziote nywele nyingine."

"Uache."

Pasi ikazidi kupata moto mkononi mwa Chausiku. Mwajabu alipeleka kidole kisogoni, pale lilipokuwa fundo la kanga, akaufuata mkunjo polepole mpaka kwenye paji la uso. Mapajani mwake simu ilikuwa imelala chali.