Meza ya Kituoni

Nyuma ya pazia la kupigia kura, Mwanakombo alikuta meza iliyoundwa kwa mlango wa nyumba yake, ile aliyoibomoa diwani Mbaruku. Mistari aliyompimia mwanawe urefu ilikuwa bado ipo.

Mpinzani wa Mbaruku ameapa kubomoa na upande wa pili wa mtaa, ambako Mwanakombo amepewa chumba na dada yake.

"Mama, fanya haraka," karani alimhimiza.

Akamtilia Mbaruku alama ya vema. Kalamu ikatoboa karatasi, ikakwaruza ubao juu ya mstari wa mwisho.

"Meza hii mtaipeleka wapi?" aliuliza akitumbukiza kura.

"Tutaichanja. Pilau ya ushindi wa diwani imeshabandikwa, na kuni hazitoshi."

Mwanakombo akanyoosha kidole, kikatiwa wino.